Dawa ya Sukari Baada ya Taarifa

Kwetu Buruburu, taarifa ya habari ya saa saba ilisikilizwa kama ibada. Redio aliigusa baba peke yake. Kijiko kikigonga sahani, alikohoa, na ukajua umekosa. Alikuwa karani wa serikali mpaka akastaafu, kazi yake kupiga taipu matangazo ya redioni. Zamani hizo karatasi ilipita kwa wakubwa, ikapigwa muhuri, ndipo ikasomwa. Kwa hiyo aliiamini sauti ile kuliko pasta wake.

Basi sauti ile ikaanza kusifu dawa ya sukari. Ati unga wa mizizi, kijiko kimoja kwa maji ya vuguvugu, na sindano utazitupa mwenyewe! Akaletwa hata "daktari", sijui alishamtibu nani hapa duniani, na mtangazaji akawa anaitikia "naam, naam" kama mlevi aliyeahidiwa chupa nyingine. Shenzi kabisa.

Baba aliugua sukari, na insulini ndiyo iliyokuwa ikimweka hai.

"Baba, hilo ni tangazo la kulipiwa," nikamwambia. "Hawa siku hizi watauza hata hewa."

"Wewe mtoto, hujui kazi," akanijibu. "Pale hakisomwi kitu bila muhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyapiga taipu matangazo yale."

Muhuri! Walafi wale walishautupa zamani, na mzee wangu bado anaulinda.

Akaacha sindano. Mama akambembeleza hadi akachoka. Kidole cha mguu kikatoka kidonda, kidonda kikapanda, na kufikia kumpeleka hospitali, mguu wote ulikuwa umeoza. Hakurudi.

Matangani jirani mmoja akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Upuzi mtupu! Sikio la baba lilisikia dawa kila siku, saa saba, baada ya taarifa.

Mama akashikilia kifo kitangazwe kwa redio ile ile, wasikie jamaa zetu wa Kitui. Siku hiyo tulijaa sebuleni, hakuna aliyeshika kijiko. Sauti ikamsoma baba vizuri: jina, kazi aliyoifanyia serikali, siku ya mazishi. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kisha, bila hata kumeza mate, ikauliza, "Je, ndugu msikilizaji, unasumbuliwa na sukari?"

Mama, ambaye hakuwahi kuigusa redio ya mumewe tangu waoane, akainuka akaizima.