Faili Inatumiwa na Mtu Mwingine

Mimi sinywi, sivuti, na Jumapili niko kanisani kama watu wengine, kwa hivyo usianze kunitafutia sababu. Hii kitu niliiona mchana, kama saa kumi hivi, taa zikiwaka na kikombe cha chai kikiwa mkononi. Ukiamini sawa, usipoamini shauri yako. Nimeshachoka kubishana na watu.

Nina saiba ndogo hapa Eldoret mjini, kompyuta tano na printa moja. Unadhani watu huja kwangu kwa sababu ya intaneti? Wapi! Kazi yangu kubwa ni matanga. Mtu akifa Kapsoya, akifa Chepkoilel, familia inaandika wasifu wake kwa karatasi, wananiletea nautaipu, naweka picha mbele, natoa vijitabu vya kugawa siku ya mazishi. Nimetaipu wafu wengi mpaka mtu akilia mbele yangu namuuliza tu, "Picha ni ya rangi?" Usinione mbaya. Hata wasifu wa mama yangu mzazi niliutaipu mwenyewe mwaka jana, na sikulia. Nilimaliza nikaosha vyombo.

Sasa siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha ile ya Eldoret, ya baridi. Akaingia mwalimu mmoja, nitamwita Kiprono. Baba yake alikuwa anazikwa kesho yake kwao, upande wa Plateau. Mwili unatoka mochari asubuhi na mapema, akasema, na vijitabu mia mbili lazima viwe ndani ya gari. Unajua vile huwa. Watoto wa marehemu husomwa kwa kufuata kuzaliwa, namba moja, namba mbili, na kila anayetajwa anasimama watu wamwone. Asiyetajwa hasimami, na asiyesimama ni kama hakuzaliwa kwenye hiyo boma.

Nyuma yake aliingia mama mmoja wa makamo, sweta ya kijani, kitambaa cha kichwa kimelowa, na kovu kidevuni. Nikamwambia karibu, akakaa kwenye benchi. Nikajua ni wa familia. Watu wa matanga huja wawili, mmoja wa kusema na mwingine wa kumsahihisha.

Nikataipu ukurasa wa kwanza, nikafika kwa watoto. Sita, na mabwana na mabibi zao. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Umehesabu watoto?"

"Ni sita, mama. Ndivyo mwalimu ameandika."

"Hesabu tena."

Mwalimu hakuinua macho, alikuwa kwa simu. Nikahesabu, sita. Nikabonyeza kusevu.

Mashine ikakataa. Ikaniambia faili inatumiwa na mtu mwingine. Hiyo nimeiona mara mia, haikunishtua. Huwa ni faili imefunguliwa kwa mashine ya pili ukasahau. Lakini siku hiyo zile nyingine nne zilikuwa zimezimwa. Nikajaribu kuisevu kwa jina lingine, ikakataa. Nikaipeleka kwa flashi, ikakataa. Nikachomoa waya wa intaneti kabisa, nikanakili maandishi yote nikayaweka kwa ukurasa mpya. Niambie, ukurasa ambao una dakika moja tangu uzaliwe, nani mwingine anaweza kuutumia?

"Madam, kuna shida?" mwalimu akauliza.

"Hakuna. Wacha niprint hivyo hivyo, tutasevu baadaye."

Karatasi ikatoka. Namba moja, namba mbili, halafu namba tatu ilikuwa wazi, haina kitu, na yule niliyekuwa nimemtaipu wa tatu alikuwa amesukumwa mpaka namba nne. Mwisho ilikuwa saba. Kwa skrini bado walikuwa sita. Haki ya Mungu, niliangalia skrini, nikaangalia karatasi.

Nikabonyeza kusevu mara ya mwisho. Unajua ile mashine wakati mwingine hukutajia jina la huyo anayetumia faili? Ikanitajia.

"Mwalimu," nikamwambia, "Jerotich ni nani?"

Simu ilimtoka mkononi.

"Nani amekuambia hilo jina?"

"Ni mashine. Lakini uliza huyu mama mliyekuja naye, labda yeye anajua."

"Nimekuja na nani? Mimi niko peke yangu."

Tukageuka wote wawili. Benchi lilikuwa tupu, na limelowa mahali pa mtu mmoja kukaa. Nikamweleza ile sweta, nikamweleza kovu.

"Ng'ombe alimpiga teke akikamua," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba."

Ndipo akaniambia. Dada yake alipata mimba akiwa shule, mzee akamfukuza, akakataza jina lake lisitajwe tena pale nyumbani. Mwalimu ndiye aliyetumwa kufunga geti nyuma yake. Jerotich akaishi Kitale, akafia huko juzi juzi, na hakuna hata mmoja wao aliyeenda kumzika.

"Kaka zangu walikaa wakaamua tuandike sita," akasema. "Nikiandika saba, kesho watanila mbichi mbele ya kaburi."

Sikumshauri. Mimi si wa hiyo familia. Nilikaa tu mikono juu ya keyboard. Mvua ikapungua, chai ikapoa.

"Andika," akasema mwishowe. "Namba tatu. Jerotich. Halafu uweke marehemu."

Nikaandika, nikabonyeza, ikasevu. Hata haikusita.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Walipofika namba tatu hakukuwa na wa kusimama, kwa hivyo akasimama yeye. Kaka mkubwa akamwambia keti chini, unatuaibisha. Ndipo mama yao mzee akashika bakora yake na kuinuka pia, akabaki hivyo mpaka wasifu ukaisha. Tangu hapo kaka hamsalimii.

Nilipoweka simu nikafungua faili ya mama yangu. Watoto wanne. Sisi tulizaliwa watano. Wafula, anayenifuata mimi, alikufa kwa pombe Nairobi, na wajomba wakasema tusilete aibu siku ya mazishi. Nikasema sawa, nikamruka. Nakumbuka vizuri ile faili ilisevu mara ya kwanza. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye benchi. Hakuna aliyeniambia hesabu tena.

Nikamwandika Wafula mahali pake, nikangoja mashine inikatalie. Nilitaka inikatalie. Ikasevu. Mama ameshazikwa, na vile vijitabu viko kwa nyumba za watu.

Kwa hivyo ukija kwangu na karatasi yako ya matanga, swali la kwanza nitakuuliza mko wangapi. Usinikasirikie. Hesabu ukiwa bado nyumbani, na umhesabu hata yule mliyekubaliana kumsahau. Na mashine ikisevu bila shida, usidhani hakuna mtu.