Jitu la Ukurasa wa Tisa

Mhariri alinirudishia mswada kwa mara ya pili. Riwaya yangu ya majitu, niliyowaandikia vijana, alisema inatambaa. Nimpelekee iliyopunguzwa kufikia Jumatatu, la sivyo nafasi yake ataipa kazi ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeihangaikia miaka minne, na barua ile niliichukia neno kwa neno.

Jumamosi nikaenda Kanja kwa dada yangu. Bintiye wa miaka kumi na minne nilimkuta na wenzake wawili kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakichambua majani mezani kabla karani hajaja kukagua. Karani akiona majani magumu, kikapu kinarudi nyumbani. Nikaona nimepata wasomaji wasioweza kunitoroka.

Nikawasomea sura ya kwanza. Ukurasa mzima wa ukungu wa mlimani: rangi yake, unyevu wake, jinsi ulivyoikumbatia miti. Ukurasa wa pili, ukungu. Wao walichambua tu, macho hayainuki. Jasho likanitoka, na asubuhi ile ilikuwa na baridi kali. Kwenye ukurasa wa nne mpwa wangu akaniuliza kwa heshima zote, akiniita tata kama wanavyomwita dada wa mama:

"Tata, hiyo ukungu tuko nayo hapa kila siku. Hiyo jitu inakuja lini?"

Ukurasa wa tisa, nikamjibu. Wakatazamana. Nilikasirika, nikamuuliza kwa ukali yeye angeuelezaje huo ukungu. Akasema hangeueleza. Ukishuka wakiwa shambani wanaacha kuongea, maana huoni hata kikapu cha mwenzako. Unasikia tu majani yakikatika. Ukisikia yanakatika upande ambao hakuna mtu, unakimbia.

Nikatoa kalamu. Kurasa nane nilizifuta pale pale, na ziliniuma, kwa sababu nyingine zilikuwa nzuri. Nikamweka msichana peke yake katikati ya michai, mkono ukichuma. Akaacha kuchuma. Nyuma yake majani yakaendelea kukatika.

Nilisoma hiyo mpya kwa sauti ya chini, nikiogopa kuinua uso. Nilipofika mahali kikapu cha msichana kinavutwa kutoka mgongoni, nikanyamaza kidogo nipate pumzi.

"Soma," mpwa wangu akasema.

Nikasoma, nikibuni yaliyokuwa hayajaandikwa, mpaka lori la majani likapiga honi barabarani. Hapo ndipo niliponyanyua macho. Mikono yote sita ilikuwa imelala juu ya meza. Karani akaja, akatia mkono kwenye lundo letu, akatoa gumu moja, akatoa jingine, akalisukuma lundo zima kando.

Dada yangu alifika akaniuliza nimewafanya nini watoto wa watu. Nilikibeba mwenyewe kile kikapu kilichokataliwa, nikipanda naye kilima huku akinikemea hatua kwa hatua, na kwa aibu yangu yote nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kumwonyesha.