Mpunga Mwitu wa Mama

Nilirudi kijijini kwetu Katindiuka baada ya kuhamahama mikoa mingi, na kazi niliyoipata ilikuwa kung'oa mpunga mwitu bondeni na kuupeleka maabara. Mama, aliyezeeka akiung'oa na kuutupa, aliuliza kama hao wanaoutaka wamesoma.

Nikamweleza nilivyoelezwa. Wanataka mpunga wetu upate ugumu wa ule wa porini, lakini ni ndugu wa mbali, ukiuchavusha haushiki. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara huchukua seli ya huu na seli ya ule, huziyeyusha kuta, huziunganisha ziwe moja, kisha huikuza kwenye chupa mpaka iwe mche.

"Mahari alilipa nani?" mama aliuliza.

"Hakuna mahari, mama."

"Basi wamebomoleana nyumba tu."

Miche mingi ilikufa. Mmoja ulipona, ukahamishiwa kwenye ndoo ndani ya banda la neti, nikapewa kazi ya kuumwagilia. Mtaalamu alisema wazi: ukizaa punje zilizojaa, kazi itaendelea nami nitabaki. Ukitoa mapepe, banda linafungwa.

Hilo mama alilishika. Kila jioni aliniuliza, "Amechanua?" kabla hata sijaketi. Akaanza kunisafishia chumba cha nyuma, alichofugia kuku tangu nilipoondoka mara ya kwanza. Kuku hawakushirikishwa.

Masuke yalipokauka mama alikuja bandani mwenyewe, kavaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo mama," mtaalamu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Akaminya punje kwa ukucha, ikabonyea. Akaminya nyingine, na nyingine.

"Pepe," alisema.

Mtaalamu akaeleza kwamba chotara wa namna hii mara nyingi hazai. Mama akanigeukia mimi, mtu wa miaka arobaini na kitu, sina mke wala mtoto.

Asubuhi nilifungasha begi, lakini mama wa kumuaga hakuwepo. Nilimkuta mlangoni mwa banda, tope mpaka magotini, ameshusha fungu la mpunga mwitu na mizizi yake, limeviringishwa kanga kama mgonjwa.

"Huyu mwanangu alikuwa anawaletea wa kando ya barabara," alikuwa akimwambia mtaalamu. "Huu ni wa mto Lumemo. Napigana nao tangu nimeolewa, na haufi. Hebu muozesheni huyu."

Mtaalamu alilitazama fungu, akamtazama mama, akaniambia nilete ndoo. Niliileta begi likiwa bado begani.