Simu za Mama Ngeli

Pale ofisini walimwita Mama Ngeli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kwamba lugha moja huihesabu meza kuwa ya kike, nyingine ya kiume, na nyingine huipa ngeli yake. Kompyuta ikitunga sentensi kwa lugha ya kwao, aliyoiacha angali mdogo, yeye huvua miwani, akampigia mama yake na kumsomea. Mwenzake wa meza ya pili alishazoea kumsikia bibi huyo akifoka simuni: "Wee! Nani kakufundisha upuuzi huo?" Naye Mama Ngeli hucheka mpaka machozi, kisha akairekebisha kanuni.

Aliporudi kutoka kumzika mama yake, hakuna aliyemwona akilia. Aliifuta kompyuta vumbi, akaiwasha. Sentensi ya kwanza ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata yule mwenzake, aliyeijua lugha ile kwa kuidaka tu, aliguna. Mama Ngeli akavua miwani, akapiga namba ileile. Akapokea mdogo wake wa kiume, aliyebaki na simu ya marehemu. Akamsomea polepole.

"Iko sawa tu, dada," mdogo wake akasema kwa upole.

Akamsomea nyingine, mbovu zaidi.

"Sawa kabisa, dada."

Hapo ndipo Mama Ngeli alipolia.