Tulivyoigeuza Seva ya Mikumi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya masika ambayo sijaisahau mpaka leo, na sitaki kuisahau. Nilikuwa Mikumi, kwenye stoo ya dawa ya shirika letu, kando ya barabara kuu. Mganga wa zahanati yetu ya Malolo, kijana mpole aitwaye Elia, aliingia akiwa na tope mpaka magotini. Akasalimia, akapangusa uso, kisha akasema taratibu kwamba dawa za malaria zimekwisha kule kwake, na watoto wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja.

Mtunza stoo, Bwana Shabani, alimwonyesha rafu kwa kidole. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari.

"Dawa zipo," akamwambia. "Lakini siwezi kukupa. Mashine imekataa."

Ngoja nikueleze mashine ilivyofika mahali pa kukataa. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanabadili wamiliki, reli inapunguza watu, na kila wiki Kilosa ilipata mgeni mwenye mkoba anayeuza kitu ambacho jana hatukujua kama tunakihitaji. Shirika letu lilikuwa linaendesha zahanati za vijijini. Ofisi kuu ilikuwa Kilosa mjini na stoo ilikuwa Mikumi. Lilipata mkurugenzi mpya kutoka Dar es Salaam, naye akaleta kampuni ya kutuwekea kompyuta: seva moja pale stoo, yaani kompyuta kuu ya kutunza kumbukumbu zote, na kompyuta za mezani katika ofisi zote mbili. Ikatoka amri kwamba hakuna boksi litakalotoka bila kibali kilichochapwa na kompyuta. Amri ile haikuwa mbaya, maana dawa zilikuwa zinapotea. Ubaya ulikuwa kwamba kampuni iliweka kufuli ndani ya seva. Muda wa leseni ukiisha, seva inaganda, na kioo kinakuonyesha maneno ya kukutaka uwasiliane na wakala. Asubuhi ile muda ulikuwa umeisha, na wakala wa kampuni, aliyekaa Dar es Salaam, alikuwa amejibu kwenye simu kwamba atakuja kufungua baada ya shirika kusaini mkataba mpya.

Mimi ndiye niliyekuwa ofisa wa kompyuta. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, na nilikuwa nimetumwa kutoka Kilosa kuja kuangalia tatizo. Niliangalia kile kioo, nikamwangalia Elia na suruali yake ya tope. Nikachukua karatasi, nikaandika kibali kwa mkono, nikasaini jina langu lote.

"Dada Zuhura," Bwana Shabani akasema, "mimi nina familia."

"Na mimi ninayo. Ukiulizwa, sema nimekulazimisha."

Hayakuwa maneno tu. Baba yangu, aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli akiwa kijana, alikuwa amepunguzwa kazini mwaka uliotangulia. Pale nyumbani Mabwerebwere, huko huko Kilosa, mshahara uliobaki ulikuwa wangu. Lakini Elia aliondoka na dawa zake, zimefungwa kwenye nailoni zisilowe.

Mkurugenzi aliniita Kilosa. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuinua macho. Aliniambia nimevunja utaratibu, na kwamba ataniacha kazini nikiomba radhi mbele ya wenzangu.

"Mzee, kwa kuandika bila ruhusa yako naomba radhi hapa hapa," nikamjibu. "Kwa dawa kufika Malolo, siwezi."

Mkurugenzi aliendelea na karatasi zake. Kisha akasema bodi itaamua, na bodi ingekutana mvua zikipungua. Siku hiyo wakala naye angekuja na mkataba wake: kompyuta zote zibadilishwe, leseni mpya zikatwe, na ufunguo ubaki kwake kama zamani.

Nikatoka pale nimeshakata shauri la kuacha kazi. Nikaenda kumuaga Mama Penina. Huyu alikuwa mama wa Kikaguru, mtu wa milimani, muuguzi aliyelelewa katika shule ya misheni, na ndiye aliyesimamia wauguzi wetu wote. Alikuwa pia mjumbe wa bodi. Nilimkuta nyumbani kwake anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamalizia kwa kusema kwamba naondoka.

Hakuacha kuchambua. "Ukiondoka, Elia atakuja kwa nani?"

Nikainama kumsaidia kuchambua.

"Nimekuuliza. Hasira yako naiona, na ni ya haki. Lakini hasira inayopanda basi na kwenda zake hainisaidii mimi wala wagonjwa wangu. Kuna unachoweza kufanya, au huna?"

Nikamwambia kipo. Mwalimu mmoja wa kompyuta pale Morogoro, nilikosoma kozi fupi, alikuwa amenipa sidii, yaani diski za CD, zenye mfumo endeshi mwingine, unaoitwa Linux. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ndiyo ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Huu ulikuwa haufungwi na wakala. Unaruhusiwa kuuweka, kuufungua, kuurekebisha na kumpa mwenzako. Nikamwambia Mama Penina kwamba naweza kuiamsha seva kwa mfumo huu, nikaone kama kumbukumbu zetu ni nzima.

"Basi tutakwenda Mikumi pamoja," akasema. "Utafanya mbele yangu, mchana, kila mtu akiona. Sitaki mambo ya kujificha."

Tulikwenda. Bwana Shabani alituletea viti, akasimama nyuma yetu ameikunja mikono. Nikatia sidii, nikawasha. Maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye kioo cheusi, mstari kwa mstari, mpaka Bwana Shabani akaanza kucheka akisema tumeiharibu kabisa. Kisha ikatulia. Nikafungua diski, na faili zetu zote zikatokea: majina ya dawa, zahanati, tarehe za kuingia na kutoka. Hakuna kilichoguswa. Kumbe wakati wote tulioambiwa tusubiri, vitu vyetu vilikuwa vimekaa mle ndani salama, na aliyetuzuia kuvifikia alikuwa mtu tu, ameketi Dar es Salaam.

Nilijiona mtu mkubwa siku ile, mwanangu. Nikamgeukia Mama Penina nikitegemea sifa.

Akaniuliza, "Nani mwingine anajua kufanya hivi?"

"Mimi tu, Mama."

"Na ukiugua?"

Nikasema sitaugua.

"Utaolewa, utazaa, utahamia Iringa, au utafukuzwa, maana na mdomo wako huo unaweza kufukuzwa. Siku hiyo Shabani atasimama hapa hapa na kusema mashine imekataa. Tofauti itakuwa nini? Leo tunamsubiri wakala, kesho tutakusubiri wewe. Mimi sijaja Mikumi kubadilisha mtu wa kumsubiri."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini niliona aibu. Nilikuwa najiandaa kumgomea wakala huku nikikalia kiti chake. Sikuwa nimeliona hilo mpaka mama yule aliponionyesha.

Basi nikaanza kufundisha. Nilianza na Bwana Shabani, kwa sababu ndiye aliyecheka. Mwanzoni alikuwa anagusa kibodi kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Nikamwachia aharibu, tena na tena, kwenye kompyuta moja kuukuu tuliyoitenga, kisha nikamwachia atengeneze mwenyewe. Neno la siri la seva nilimpa yeye, nikampa na mhasibu wa Kilosa, na Mama Penina akalifungia kabatini kwake. Wapo walioniambia najipunguzia umuhimu. Niliwajibu kwamba ndiyo, ndivyo nilivyokusudia.

Siku ya bodi ikafika. Tulikutana Mikumi, kwenye chumba cha mikutano cha nyumba ya wageni, wakala akiwa mbele na suti yake. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema vitu vya bure havina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kikiharibika hakuna wa kulaumiwa.

Mwenyekiti wetu, mchungaji mstaafu, akamuuliza, "Hii programu unayotuuzia, tukishasaini inakuwa yetu?"

"Mnapata ruhusa ya kuitumia, Mchungaji. Programu inabaki ya kampuni."

"Na kumbukumbu za wagonjwa wetu na dawa zetu?"

"Ni zenu."

"Lakini mlango wa kuzifikia ni wenu."

Wakala akatabasamu, akasema ndivyo biashara hii inavyokwenda duniani kote. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, siku mfumo wako ukianguka, watampigia nani simu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bwana Shabani, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa sababu watunza stoo hawakuwa na kawaida ya kusema mbele ya bodi, akanitangulia. "Watanipigia mimi," akasema. "Nami nikishindwa, nitamuuliza mhasibu. Nikishindwa na huko ndipo nitamtafuta yeye."

Mkurugenzi akasema jambo hili ni la kitoto, na kwamba shirika zito haliwezi kuendeshwa kwa sidii za kupewa. Hapo nikasimama. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba shirika zito limeshindwa kupeleka dawa Malolo kwa sababu ya kufuli lililolilipia lenyewe. Nikasema nifukuzwe kama ni lazima, lakini mimi sitaiwashia tena bodi hii mashine ambayo mtu wa mbali anaweza kuizima wakati mtoto anatetemeka kwa homa. Nikakaa.

Bodi haikunipa ushindi wote. Waliamua seva igeuzwe rasmi iwe ya Linux, pamoja na kompyuta za stoo, tujaribu mpaka masika mengine. Ofisi ya mkurugenzi ibaki na mfumo wa zamani. Mimi nikahamishiwa Mikumi moja kwa moja, uhamisho ambao kila mtu alijua ni adhabu. Nikaenda.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa laini. Printa ya stoo iligoma kuelewana na mfumo mpya hata nikataka kuitupa barabarani. Mhasibu alitafuta vitufe vyake vya zamani, akavikosa, akaniambia nimemfanya mjinga uzeeni. Nilikwenda Kilosa kwa basi kukaa naye, nikarudi, nikaenda tena. Kila aliyekasirika nilimsikiliza, kisha nikamwonyesha upya. Hatukurudi nyuma. Kompyuta zilianza kukaa bila virusi, vibali vikatoka, magari ya dawa ya zahanati za Ruaha na Malolo yakaondoka kwa wakati.

Masika yaliyofuata nilikuwa nimeolewa na nina ujauzito wa dada yako mkubwa. Nikajifungua Kilosa, kwa taabu, nikalala hospitalini siku nyingi kuliko nilivyotegemea. Niliporudi Mikumi na mtoto mgongoni, Bwana Shabani alinisalimu kwa furaha, akampokea mtoto, akampigia mluzi. Katikati ya mazungumzo akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba wakati nikiwa wodini umeme ulipiga vibaya na diski ya seva ikafa.

Nikauliza haraka, "Mkafanyaje?"

"Tuliweka diski ile ya akiba. Tukaweka mfumo upya, tukarudisha nakala tuliyokuwa tumeihifadhi. Mhasibu alikuja kutoka Kilosa, na mahali alipokwama tukasoma maelezo uliyotuachia, tukaelewa. Gari la Malolo lilichelewa kutoka mpaka jioni, likaenda."

"Na hamkuniita?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Tukuite ya nini, dada? Ulikuwa unaumwa."

Nilitoka nje nikalia. Nusu ilikuwa furaha, na nusu, nikuambie ukweli, ilikuwa wivu. Mama Penina alipopata habari alisema neno moja tu: "Vizuri." Kwa mama yule hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Mkurugenzi aliondoka baadaye kwenda kwingine. Kabla hajaondoka aliagiza kompyuta ya ofisini kwake nayo igeuzwe. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Sasa wewe, mwanangu, unaingia kazini katika zama ambazo kila kitu kina mwenyewe wa mbali. Utaambiwa bonyeza hapa, kubali, endelea. Utaambiwa haiwezekani. Nakuasa usilipokee neno hilo bila kulifungua. Uliza nani amesema haiwezekani, na anapata nini tukiamini. Ukigundua kwamba ni mtu amezuia, simama, hata kama unaogopa. Simama mchana, mbele za watu, na salamu zako zikiwa kamili, maana mtu anaweza kumkatalia mkubwa wake bila kumvunjia heshima. Tena usisimame mikono mitupu. Uwe na kazi ya kuonyesha. Na hicho utakachokifungua, usikikalie. Mfundishe hata yule anayekucheka, mfundishe mpaka aweze bila wewe, kisha uvumilie kule kuumia kidogo kutakakokupata siku akiweza.

Mimi miwani yangu sasa ni mizito na vidole vimeanza kukakamaa, lakini katika hili sijalegea, na sitegemei kulegea. Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kinachofichwa, ulimi wa kusema hapana kwa upole, na wenzako watakaokuita kwa kukupenda, si kwa kukwama. Akulinde uendako, na riziki yako isimnyime mtu yeyote usingizi.