Nilivyoyatafuta Mapigo ya Baba

Hatuna picha ya baba. Simu yake ilikuwa ya vibonye, haikupiga picha, na hata hiyo ilibaki kijijini. Alichoniachia ni jinsi alivyopiga ngoma kubwa ya kanisa, na nilikuwa nimejiapia kwamba hicho sitakipoteza.

Kanisa letu, kule Djugu, lilikuwa la miti na udongo, na ngoma zilikuwa tatu. Ndogo ilianza, ya katikati ikafuata, kubwa ikaingia mwisho. Jumapili asubuhi baba aliwasha nyasi kavu nyuma ya kanisa, akazielekeza ngoma kwenye moto ili ngozi zikauke na kukaza. Aliigonga ile yake kwa kidole kimoja, akasikiliza, akairudisha tena motoni. Misa nzima alinukia moshi. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kwangu ni baba mdogo, ndiye aliyepiga ya katikati. Mimi nilikaa upande wa wanawake, benchi la mbele, karibu sana na wapigaji, hata sauti ikanigonga kifuani kabla ya kufika masikioni. Ngoma kubwa sikuigusa kamwe. Hakuna aliyenikataza. Sikuwahi tu kuona mwanamke akiigusa.

Nilikuwa darasa la tano tulipokimbia vita. Baba aliugua njiani, tukamzika karibu na Iga Barrière kwa haraka, bila ngoma na bila wimbo. Mama na mimi tukafika Bunia, tukapata chumba hapa mtaa wa Saio. Shule iliishia hapo, ndiyo maana hata leo naandika polepole. Baba mdogo alienda mpaka Ariwara, anauza nguo sokoni. Aliyepiga ngoma ndogo hatujui aliko.

Niliyahifadhi mapigo ya baba kwa kuyapiga kila siku kwenye paja, chini ya kitenge, mtu asinione.

Nilipokua kidogo nikapata kazi ya kusuka nywele. Mwenye saluni ni mama mnene anayecheka haraka, na spika yake inaimba tangu tunapofungua mlango. Mwanzoni nilisikia waimbaji tu, kama kila mtu. Siku moja wimbo ukafika kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuanza kukimbia, nikagundua kwamba vidole vyangu havifuati magitaa. Vilifuata kijiti kimoja kilichokuwa kikigonga chini yao, kikavu, bila kuchoka. Nilisimama na nywele za mteja mkononi.

"Weye, unasuka kichwa ya mutu ao unacheza?" mwenye saluni akauliza.

"Mumuache!" mteja akajibu kabla yangu. "Anifanyie ya sebene. Nikipita mu njia, bwana atanifuata bila kumuita."

Walicheka mpaka mwenye saluni akafuta machozi. Mimi niliinama tu nikaendelea, lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kusikia wimbo kama zamani. Sikio langu lilishuka moja kwa moja chini, kwa yule anayepiga.

Jumamosi mchana, nikirudi na maji, nilikuwa nikitua bidoni langu kando ya ukuta wa kanisa moja la uamsho ambapo kijana anafanya mazoezi ya ngoma za kizungu. Mikono miwili, miguu miwili, mtu mmoja anafanya kazi ya wapigaji wetu watatu. Nilimwonea wivu. Pia nilimkasirikia kidogo, sijui kwa nini. Kisha kulikuwa na arusi ya Waislamu nyuma ya soko, wanaume wamepanga mstari na matari mkononi, wote wanapiga kitu kimoja, halafu mmoja anatoka anatangatanga peke yake huku wenzake wamesimama imara wakimngoja. Nilikaa hapo mpaka chumvi niliyotumwa kununua ikasahaulika. Muziki wa vijana wa pikipiki nao niliusikiliza. Ule unapigwa na mashine, hauchelewi hata mara moja. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba alikuwa akichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu, na nikatamani awepo kiasi cha kushindwa kula.

Lakini nilivyozidi kupenda mapigo ya wengine, ndivyo ya baba yalivyozidi kuchafuka. Ningeanza kwenye paja, katikati nikute sebene imeingia. Nikianza upya, matari ya arusi yananivuta pembeni. Kuna juma moja nilipiga kwa njia mbili tofauti na sikujua ipi ni yake. Nikaogopa sana. Nikaacha paja, nikaanza kupiga bidoni tupu uani, kwa sauti, ingawa majirani wangenisikia. Nilidhani nikiyapiga kwa nguvu yatakaa.

Hapo ndipo baba mdogo aliponikuta. Alikuwa amekuja Bunia kuchukua mzigo, akalala kwetu siku mbili. Kila mara akija hazungumzi habari za kijijini, nami sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Mchana ule mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi napiga, naye akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Unatafuta nini mu ile bidoni?"

"Ya baba," nikasema, bila kumtazama.

"Piga tena."

Nikapiga. Akacheka, akajipiga goti. "Mutoto mwanamuke na ngoma kubwa! Yaya, mukubwa wangu, angeona hii!" Kisha akaweka kikombe chini. "Lakini ile hapana ya baba yako."

Nikaacha kupiga. "Iko ya nani?"

"Iko yetu siye wawili. Ya yaya na yangu. Umetukamata wote mu mukono moja. Njo vile ulisikia, sababu ulikuwa unakaaka pale karibu."

Sikuelewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshona wanaume wawili kuwa mmoja. Alivuta beseni ya mama, akaipindua chini, akachutama mbele yangu. "Mi nitapiga yangu. Weye, kila fasi pale unanisikia, toa mukono, usipige."

Tulianza. Nilikosea. "Hapana! Ile ni yangu. Unaniiba tena!" Tukarudia. Nikaondoa pigo moja, nikaondoa la pili, nikaondoa yale niliyoyapenda kuliko yote, yale yanayokimbia, kwa kuwa yalikuwa ya kwake. Nilidhani nitabaki bila kitu. Yalibaki matatu: mawili karibu karibu, moja mbali, likiwa limechelewa kidogo. Baadaye kimya, kirefu, mpaka mwanzo tena.

"Ndiyo, njo ile," akasema.

"Ile tu?"

"Ile tu. Baba yako alikuwa anapigaka kidogo. Siye njo tulikuwa na makelele."

Mama alikuwa ameacha kutwanga, mchi umesimama juu ya kinu. "Shemeji, nyamaza weye," akasema. "Acha yeye peke."

Baba mdogo akaondoa mikono kwenye beseni. Nikapiga peke yangu, mara nne au tano, na kila mara kile kimya kikaja tukakaa ndani yake sote watatu.

"Njo yeye," mama akasema. Akaingia ndani, sombe ikabaki kwenye kinu.

Kesho yake baba mdogo akarudi Ariwara na mzigo wake. Ninayo sasa mapigo ya baba, safi, hayajachanganyika na kitu. Lakini yale niliyoyalilia miaka yote siwezi kuyapiga tena bila kujua kwamba nusu yake iko mbali, sokoni, inauza nguo, na kwamba juu yake ilikuwepo ngoma ndogo ambayo nimeshaisahau kabisa. Kila jioni kabla ya kupika nachukua bidoni, napiga mawili, napiga moja. Kisha nangoja. Kungoja ndiko kugumu. Mkono unataka kujaza, nami naukandamiza kwenye paja mpaka zamu ya baba irudi.