Matumbawe Yamekufa kwa Ndoo ya Mama Mkwe, Kipigo Nakula Mimi

Admin, nifichie jina, na la mtoto usiliweke. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimezaliwa ufukweni Ziwa Nyasa, nimeolewa huku Mbinga na Mmatengo. Tuna binti wa darasa la pili, na mama mkwe tunaishi naye. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia makaa ya mawe Ngaka, anayapeleka bandarini Mtwara. Naandika haraka kwa sababu yuko njiani kurudi, na akifika na alichobeba, kuna mtu ataumia humu ndani.

Wenzake wakirudi safari huleta korosho. Wangu aliona kwa tajiri mmoja Mtwara tanki la kioo lenye matumbawe, samaki na kamba wa baharini, akapagawa. Akaleta la kwake, likawekwa sebuleni pale lilipokuwa kabati langu la vyombo. Bahari Mbinga, jamani, kwenye baridi hii. Na kwa kuwa yeye hakai nyumbani, kazi ikawa yangu. "Wewe si Mnyasa? Maji unayajua," alisema. Ziwa letu halina chumvi hata ya kuungia mboga, lakini nikajifunza. Nikajua kupima chumvi, kulinda joto, kudondosha dawa za vipimo na kusoma rangi. Nikajua kwamba maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki, inabaki humo humo, kwa hiyo unajazia maji ya mvua tu. Ukijazia ya chumvi umeua.

Na bado nilipigwa. Chumvi ikipanda kidogo, kofi. Konokono akifa, mkanda. Kioo kikiota ukijani, mateke. Majirani nawaambia nimeteleza bafuni. Hakuna mwanamke anayeteleza bafuni Mbinga nzima kama mimi.

Safari iliyopita alikuta matumbawe yamekuwa meupe, kamba wake wamelala chali. Hakuuliza. Alinishika nywele akanizamisha kichwa kwenye tanki. "Yaonje," akasema, "uniambie umetia nini humo." Nikayanywa. Akanitoa, akanirudisha tena, jino la mbele likavunjikia kwenye ukingo wa kioo na damu ikasambaa kwenye maji. Wale samaki wawili waliobaki wakapita katikati yake. Binti yangu alikuwa amesimama pale na sare ya shule. Mama mkwe alikuwa mlangoni, anasema "Mwache, baba, mwache," kama anayefukuza kuku. Alipochoka alifuta mikono kwa khanga yangu. "Naleta mengine. Nayo yakifa, na wewe unayafuata." Namjua mume wangu anapotania, na siku ile hakuwa anatania.

Alipoondoka nilimpigia yule aliyetuuzia tanki, yuko Dar. Akaniuliza hili na lile, mwisho akasema, dada, isije ikawa shaba imeingia humo. Nikamjia juu, nani atie shaba kwenye samaki? Akanielekeza kipimo cha shaba kilichokuwa ndani ya boksi la vipimo, hatujawahi kukifungua. Nikadondosha. Maji yakawa bluu, ndiyo alama ya shaba. Nikageuka, mama mkwe amekaa chini kwenye sakafu.

"Mwanangu," akasema, "ni ile ndoo."

Nilikuwa nimekwenda msibani kwetu ziwani. Aliona maji ya tanki yamepungua, akaogopa nitakuja kupigwa, akakinga mvua akajazia. Ndoo aliyokingia ni ile ya shamba, ya kukorogea mrututu, dawa ya bluu tunayopulizia kahawa. Na mrututu ni shaba tupu. "Niliisuuza, niliisuuza vizuri," akawa anarudia. Kwa binadamu kusuuza kungetosha. Kwa kamba na matumbawe, shaba kidogo tu ni sumu.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa mlangoni. Uliona ananizamisha." Akanyoosha mkono wake wa kulia, kile kidole kilichopinda. Miaka yote ameniambia kiliumizwa na mashine ya kumenyea kahawa. "Hakuna mashine," akasema. "Ni yeye, kabla hajakuoa. Ukimwambia ni ndoo yangu ataniua."

Sasa sikieni shida ilipo. Yule muuzaji wa Dar ameniambia shaba imeshaingia kwenye mawe na mchanga, itaendelea kutoka hata nikibadilisha maji yote. Matumbawe mapya yakiingia mle, yanakufa. Dawa ni kutupa mawe yote na mchanga na kuanza upya, na mume wangu lazima ataniuliza kwa nini nimetupa, na jibu ni ndoo. Nilimwambia kwenye simu asilete kwanza, akasema, "Umeanza kunipangia?" Nikisema ndoo niliitumia mimi, nimejichimbia kaburi. Kaka yake nilimweleza, akacheka, ati napigwa kwa ajili ya mawe. Kwetu ziwani naweza kukimbia na binti yangu, lakini mama mkwe magoti hayamfikishi hata stendi, na kubebwa hataki, anasema mama hamkimbii mtoto aliyemzaa. Nikimwacha, tanki likifa atakayekuwa naye sebuleni ni yeye peke yake.

Amepiga simu sasa hivi, yuko Tunduru. Ana furaha, anasema yote yako hai, moja ni la zambarau, binti yetu atalipenda. Mama mkwe yuko nje anaisugua ile ndoo kwa mchanga, tangu asubuhi anaisugua.

Wenzangu mnaosoma, msinitukane, nishikeni mkono tu. Nimtaje mama aliyetaka kuniokoa nisipigwe, au ninyamaze matumbawe yafe, na mimi niyafuate? Lori limeshavuka Tunduru.